Uislamu Uganda haukuletwa na Idi Amin

Hapa Kampala bado nasikia watu wakisema Uislamu ni "dini ya Amin", kana kwamba uliingia nchini mwaka 1971 alipopindua serikali. Maneno haya yananiuma, kwa sababu yanamfanya Mwislamu aonekane mgeni kwao.

Uislamu ulifika Buganda, ufalme ulio ndani ya Uganda ya leo, mwaka 1844, enzi za Kabaka (mfalme) Suuna II, ukiletwa na wafanyabiashara wa pwani. Wamisionari wa Kianglikana walifika 1877, Wakatoliki 1879. Yaani Uislamu ndio uliotangulia. Hata Namugongo, karibu na Kampala, tunapowakumbuka kila Juni 3 mashahidi wa Kikristo waliouawa kwa ajili ya imani yao, damu ya Waislamu ilikuwa imeshamwagika miaka kumi hivi kabla, kwa amri ya Kabaka Muteesa I. Walikataa kula nyama iliyochinjwa na asiye Mwislamu. Wangapi wetu tulifundishwa hilo shuleni?

Kisha yuko Mwanamfalme Nuhu Mbogo, kiongozi wa Waislamu wa Buganda. Baada ya vita vya dini kati ya Waislamu na Wakristo wa Buganda alikubali kuacha madai ya kiti cha ufalme ili nchi itulie. Mwanawe, Badru Kakungulu, alitoa ardhi ya kilima cha Kibuli, na shule iliyojengwa pale imesomesha watoto wa dini zote. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Mbale, kilichofunguliwa 1988, nacho hupokea Wakristo.

Amin alianzisha Baraza Kuu la Waislamu mwaka 1972, ni kweli. Lakini aliwaunganisha Waislamu waliokuwepo tayari kwa zaidi ya karne.