Kupaliwa siyo kukabwa jamani

Juzi tena. Simu ya emajensi inaita napokea, dada wa watu anapiga kelele "nesi mtoto amekabwa na maji", nikamuuliza kakabwa na nani, akanyamaza kama nimemtusi hivi, halafu akasema hapana, alikuwa anakunywa maji huku anacheka ndo yakampalia. Na nyuma yake namsikia mtoto mwenyewe anakohoa na kulia kwa sauti ya kuamsha mtaa. Hapo nikashusha pumzi, manake anayelia hivyo anapata hewa.

Basi maana yenyewe haina mambo mengi: kupaliwa ni chakula, maji au hata mate yako mwenyewe kuingia njia ya hewa badala ya kushuka njia ya chakula. Njia ya hewa iko mbele, ya chakula nyuma, na juu kuna kifuniko kidogo kinachofunika njia ya hewa kila unapomeza, ukicheka au ukiongea katikati ya kumeza kinachelewa. Hicho kifuniko ndo kinastahili kabisa kuitwa kidakatonge, ingawa wengi wakisema kidakatonge wanaonesha kimio, kale kanyama kanakoning'inia nyuma ya mdomo ambako masikini hakadaki tonge lolote. Ila hilo tuliache, lina siku yake.

Linalonikera ni kukabwa. Kaba ni kubana, na kubana huko kunatoka nje. Beki anamkaba mshambuliaji, kibaka anakupiga kabali, yaani lazima awepo mkabaji. Maji hayana mikono. Na siyo kwamba najifanya mwalimu wa Kiswahili, hilo neno kwangu linabadilisha kazi nzima. Ukinambia amekabwa naanza kukagua shingo kama ina alama za vidole, naangalia macho kama yana vidoti vyekundu, nasikiliza sauti kama imekwaruza, nauliza kama anameza vizuri, na simruhusu aende haraka hata akiniapia yuko poa, sababu mtu aliyekabwa kweli anaweza kukaa masaa kadhaa anaongea vizuri tu halafu koo likaanza kuvimba kwa ndani. Na kuna swali jingine ambalo lazima niulize kwa upole tukiwa wawili tu, nani kakufanyia hivi. Sasa we umekuja na mtoto aliyepaliwa na juisi unaanza kuulizwa maswali hayo, si utaona nesi kachanganyikiwa.

Halafu kuna kusakamwa, neno zuri sana ambalo naona linakufa. Angalia mwisho wake, sakama, liko familia moja na kwama, simama, inama, hiyo -ama inakuonesha kitu kimeshika mkao na hakiondoki. Ndo maana hata mtu anayekuandama kila siku kwa maneno tunasema anakusakama. Mwiba wa samaki umemsakama, maana yake umeganda palepale. Mara nyingi umeganda njia ya chakula au pale nyuma ya koo, ndo maana mwenyewe anaongea, anapumua, analalamika, ila kumeza anaumia na mate yanamtoka. Huyu usimpe tonge kubwa alimeze ati lisukume mwiba, linaweza kuuzamisha zaidi, mlete tuutoe. Na kama ni mtoto na kilichosakama ni betri ya duara, zile ndogo za saa na rimoti, hiyo ni mbio, haisubiri asubuhi, ndani ya masaa 2 inaweza kuunguza njia ya chakula vibaya sana hata kama mtoto ametulia anacheza.

Kupaliwa sasa ni vita, kitu kimeingia pasipo pake na mwili unakitoa, na silaha yake ni kikohozi. Kwa hiyo anayekohoa kwa nguvu mwache akohoe, mtie moyo aendelee, usimpe maji, usimpige mgongo. Najua mikono inawasha kusaidia, ila kikohozi chake kina nguvu kuliko kofi lako.

Kinachonitisha mimi ni kimya. Amepaliwa halafu ghafla sauti imekata, mdomo uko wazi hakuna kinachotoka, mikono shingoni, midomo inageuka rangi. Hapo njia imeziba na ubongo hauvumilii dakika nyingi bila oksijeni. Mwinamishe mbele, mpige mara 5 katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja, isipotoka simama nyuma yake, ngumi juu kidogo ya kitovu chini ya mbavu, vuta ndani na juu mara 5, unabadilishana hivyo hivyo huku mwingine anapiga simu. Mtoto chini ya mwaka 1 tumbo lake usiliguse, mlaze kifudifudi mkononi kichwa kiwe chini, mpige mgongo mara 5, mgeuze, mkandamize kifua mara 5. Mjamzito naye ni kifua, siyo tumbo. Akizimia mlaze chini uanze kukandamiza kifua mara 30 na kupulizia pumzi 2, na kila kabla ya kupulizia chungulia mdomoni, unachokiona toa, usichokiona usikitafute kwa kidole utakisukuma ndani. Na aliyevutwa tumbo akapona aje tumwangalie tu, ile kuvuta inaweza kuumiza vitu vya ndani.

Hilo la kimya halikuanza leo. Mwaka 1963 daktari mmoja Marekani, Haugen, aliandika kuhusu watu waliokuwa wanaanguka ghafla mezani wakila na kufa, kila mtu akidhani ni moyo, kumbe kooni kulikuwa na chakula. Hawakuwa wameweza kusema chochote. Ile ya kuvuta tumbo ikaja 1974 na Henry Heimlich. Mwenye shida ya moyo kwa kawaida atakwambia kifua kinabana, aliyezibwa koo hawezi kukwambia kitu, kwa hiyo kabla hujaamua ni nini muulize tu, umepaliwa? Akiitikia kwa kichwa bila sauti umeshapata jibu.

Kwa hiyo ukipiga simu niambie amepaliwa anakohoa, au amepaliwa hakohoi tena, hicho kipande cha pili ndo kinaamua nakwambia nini. Mwiba umesakama, sema umesakama. Na kama kuna mtu kamshika shingo basi sema amekabwa, hata kama aliyemshika yupo nyumbani.

Yule dada alipiga tena jioni kushukuru, akasema nesi yule mtoto wangu aliyekabwa anaendelea vizuri kabisa. Aliyepaliwa, dada. Aliyepaliwa.