Mpira kushika njia: maana yake khasa, na cha kutazama unaponunua

Zanzibar hatusemi sana tairi, tunasema mpira. Gari limepasuka mpira, mipira imekwisha, kaitie upepo mipira. Neno hilo limeshatoboa nusu ya siri, kwani kinachoshika njia ni mpira wenyewe, ile mada nyeusi, wala si michoro iliyochongwa juu yake. Mwenye gari la mbio, tuseme Toyota Altezza RS200 au Subaru Impreza WRX, akilijua hilo kabla ya kuingia dukani, hauziwi mpira kwa urefu wa meno.

Kushika njia ni msuguano baina ya mpira na lami, ule unaoliwezesha gari kuondoka, kusimama na kukata kona bila ya kuteleza. Msuguano huo hupatikana pahala padogo mno: kila mpira hugusa njia kwa eneo la kiasi cha kiganja cha mkono. Gari la zaidi ya kilo 1,300 linapoingia kona, linategemea viganja vinne, na viwili vya upande wa nje ndivyo vinavyobeba mzigo mkubwa.

Mpira hushika kwa njia mbili. Kwanza hujibonyeza ndani ya mikwaruzo ya lami na kung'ang'ania kokoto zake. Pili hunata, kwa vile mpira na lami vimegusana karibu sana. Maji yakiingia kati, kunata hufa karibu kote, kukabaki kule kujibonyeza tu. Mifereji haizidishi mshiko. Kazi yake ni kuyatoa maji ili mpira uifikie lami. Ndiyo maana mpira wa mashindano ya lami kavu hauna mfereji hata mmoja, na ndiyo maana mvua ikianza hubadilishwa mara moja.

Tofauti hiyo kwa mita ni hivi. Gari likiwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kwenye lami kavu yenye kipimo cha msuguano cha 0.9, husimama kwa mita 28 hivi tangu breki zishike. Lami ikirowa na kipimo kikashuka hadi 0.6, ni mita 42. Mpira mgumu uliozeeka, kipimo kikawa 0.4, ni mita 63. Hapo hatujahesabu muda wa dereva kushituka. Breki za ABS hazibadilishi mambo sana: zinazuia magurudumu yasifunge ili usukani uendelee kusikia, lakini haziongezi mshiko ambao mpira hauna.

Sasa mtego wa kwetu. Magari mengi hutujia kutoka Japani, na baadhi yao huja yamevaa mipira ya theluji. Mipira hiyo huuzwa pia kwa mtumba, na ukiitazama inavutia: meno marefu, yamejaa vijimkato vyembamba vya zigizaga, na ukibonyeza kwa ukucha mpira unabonyea. Mnunuzi hujiambia, laini na mrefu, nitake nini tena? Lakini ulaini ule umetengenezwa kwa ajili ya barafu, mpira usikauke kama ubao. Kwenye joto letu la nyuzi 30, na lami iliyopigwa jua ambayo joto lake hupita hapo kwa mbali, meno yale hupinda kila ukikata kona. Gari huyumba, usukani huchelewa, breki za mvua huwa ndefu zaidi kuliko za mpira wa kawaida ulio mzima, na mpira huliwa upesi. Utautambua kwa neno STUDLESS ubavuni; alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake nayo ni dalili, ingawa baadhi ya mipira ya misimu yote huwa nayo. Herufi M+S peke yake si ushahidi wa kutosha, kwani hupigwa pia kwenye mipira ya misimu yote. Unachokihitaji hapa, Januari hadi Disemba, ni mpira wa kiangazi. Jina hilo lisikutishe wakati wa masika: mpira wa kiangazi ulio mzuri hushika njia ya maji vizuri mno. Kinachouangusha ni baridi ya chini ya nyuzi 7 hivi, na hiyo Unguja na Pemba hatuijui.

Ukishajua aina, soma ubavu. Altezza RS200 ilitoka na 215/45R17. Maana yake upana milimita 215, kimo cha ubavu asilimia 45 ya upana huo, R ni namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 17 ni inchi za rimu. Mbele utakuta kitu kama 87W: 87 ni uzito wa kilo 545 kwa kila mpira, na W ni mwendo wa hadi kilomita 270 kwa saa. V ni 240, Y ni 300. Hakuna anayekwenda hivyo kuelekea Nungwi, na herufi hiyo si kipimo cha mshiko. Husema tu kwamba mwili wa mpira unastahimili joto la mwendo. Hata hivyo usishuke chini ya herufi na namba aliyoitaka mtengenezaji wa gari.

Ukitaka kupanua, pima kipenyo. 215/45R17 ina milimita 625 hivi kutoka juu hadi chini. 225/45R17 ina 634, imezidi kwa asilimia 1.4, na aghlabu haileti shida. 215/55R17 ina 668, karibu asilimia 7 zaidi: spidi inayosoma 100 huwa kwa kweli ni 107, na mpira unaweza kusugua madigadi ukikata usukani wote. Upana nao una upande wake wa pili. Uzito uleule ukitandazwa juu ya mpira mpana zaidi, maji huwa na kazi nyepesi ya kuunyanyua. Gari la mbio lililovishwa mipira mipana kupita kiasi hushika vizuri mchana wa jua, na huelea mapema zaidi siku ya mvua.

Alama za mshiko zenyewe zipo, ila kila moja ina mipaka yake. Mipira inayofuata kanuni za Marekani hupigwa TREADWEAR na namba, kisha TRACTION na herufi AA, A, B au C. Treadwear ni muda wa kuliwa ukilinganisha na mpira wa kipimo wenye 100. Ukiona 200 hadi 340, aghlabu ni mpira laini wa mbio; 500 na zaidi umetengenezwa kudumu. Lakini namba hiyo kila kiwanda hujipangia chenyewe baada ya majaribio yake, kwa hiyo ilinganishe ndani ya jina moja, si baina ya majina mawili. Traction hupimwa kwa kufunga breki kwenye njia nyoofu iliyorowa. Kuhusu kona haisemi neno. Kibandiko cha Ulaya nacho kina daraja la mshiko wa maji kutoka A hadi E, na cha Japani a hadi d. Ikiwa kibandiko kipo, hicho ndicho cha kwanza kutazamwa kabla ya bei, kuliko sifa zote za muuzaji.

Halafu umri. Tafuta neno DOT na tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zinaweza kuwa upande mmoja tu, basi ukikosa geuza mpira. Mpira hukauka hata kama haujawahi kugusa njia, na uliopangwa nje ya duka juani hukauka upesi zaidi. Wenye magari ya mbio wasinunue mpira "mpya" uliopita miaka mitatu, na baada ya sita wautoe hata kama una meno. Nyufa ndogondogo kwenye mizizi ya meno ni dalili kwamba umeshachelewa.

Kimo cha mifereji kwa mpira mpya ni milimita 8 hivi, na vijituta vilivyo ndani ya mfereji huonyesha mwisho wa 1.6. Kwa mvua za masika usingoje huko. Ukifika 3 badilisha, kwani chini ya hapo maji yaliyotuama huanza kuunyanyua mpira kwa mwendo ambao jana haukukusumbua. Kuna pahala ambapo hata mpira bora hautoi msaada: lami ya Paje iliyofunikwa mchanga na upepo, au chini ya miembe ya Bungi majani na maembe yakioza kwenye maji. Hapo punguza mguu tu.

Subaru na magari mengine yanayovuta kwa magurudumu yote yana sharti lao. Mipira minne lazima iwe aina moja na iliyoliwa sawa. Subaru hutaka tofauti ya mzunguko isizidi robo inchi, yaani milimita 6.4, ambayo kwa kimo cha meno ni milimita moja tu. Ukivisha miwili mipya na miwili nusu, difu ya katikati, ile inayogawa nguvu baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, hufanya kazi muda wote hata kwenye njia nyoofu, hupata joto, na siku moja utanunua difu badala ya mipira. Kwa gari la kuvuta nyuma au mbele, ukinunua miwili tu, yenye mshiko bora iende nyuma. Fundi wengi huweka mbele. Lakini gari likipoteza mshiko wa mbele hunyooka, nawe ukipunguza mguu hurudi. Likipoteza wa nyuma hujigeuza, na kona za kilima za Pemba hazina nafasi ya kujigeuzia.

Wakati wa kuvisha, simama karibu. Mpira wenye neno OUTSIDE upande huo ukae nje. Wenye mshale na ROTATION uzunguke ulivyoelekezwa. Ukigeuzwa, mifereji huyavuta maji katikati badala ya kuyasukuma nje. Doa la manjano, penye wepesi zaidi, likae usawa na valvu ili balansi isihitaji risasi (vipande vya uzito) nyingi. Alaimenti, yaani unyoofu wa magurudumu, ipimwe siku hiyohiyo, baada ya kukagua bushi na tairodi (viungo vya gurudumu na usukani), ama sivyo mipira mipya italiwa upande mmoja mwezi wa kwanza.

Upepo utie kwa namba iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, asubuhi, gari likiwa halijatembea. Mchana wa jua hupanda kwa psi (kipimo cha upepo) 1 hivi kwa kila nyuzi 5 hadi 6 za joto, kwa hiyo usiutoe kwa sababu umeona umezidi. Wala usipime kwa macho: mpira wa ubavu mfupi huonekana umejaa hata ukipungukiwa psi 8. Ukijazwa kupita kiasi hushika kwa mstari wa katikati tu. Ukipungua hushika kwa kingo, ubavu hupata joto, na shimo moja la barabarani huvunja rimu.

Nati zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) 103 kwa Toyota nyingi ndogo, na zirudiwe baada ya kilomita 100. Mpira mpya hutoka kiwandani na mafuta ya kuutolea kwenye kalibu, basi kilomita 300 za mwanzo nenda taratibu kwenye kona na usiegemee breki za ghafla hadi sura ya juu ikwaruzike.