Kenge wa Jangwani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Sisi tuliomzoea kenge wa mtoni, mwogeleaji hodari na mwizi wa mayai, hudhani kwamba kenge wa jangwani, Varanus griseus, ni huyo huyo aliyepotea njia akaishia mchangani. Sivyo. Mkia wa kenge wa mtoni umebanwa ubavuni kama kasia, ilhali wa huyu ni wa mviringo, na matundu ya pua yake ni mianya ya mshazari iliyo karibu na macho kuliko ncha ya pua. Makazi yake yanaanzia Sahara, yakapita Arabuni, hadi Asia ya Kati, Pakistani na kaskazini-magharibi mwa India. Afrika Mashariki hayupo.

Huko Omani, ambako Waswahili wengi wana jamaa, mgeni huweza kumchanganya na dhabu, yule mjusi wa mkia wa miiba ambaye watu humwinda na kumla. Waarabu wenyewe huwatenga kwa majina: huyu kwao ni waral. Dhabu hula zaidi majani, na waral ni mwindaji anayekula panya, mayai ya ndege, wadudu, mijusi wengine na hata nyoka.

Dhana inayonishangaza kuliko zote hutoka Asia ya Kati. Waizbeki humwita echkemar, yaani mnyonya mbuzi, kwa imani kwamba hunyemelea mifugo na kunyonya maziwa. Kinywa chake hakina midomo laini ya kubana chuchu, wala maziwa si chakula chake. Akionekana karibu na zizi, ni rahisi zaidi kuamini kwamba amefuata panya na wadudu.

Kuhusu sumu, wapo wanaosema kuumwa naye ni kifo, na wapo wanaosema hana sumu kabisa, wote wamepitiliza. Tangu 2006 watafiti wameeleza tezi za taya la chini zinazotoa protini zenye sumu katika jamii ya kenge, na baadhi ya watu walioumwa na huyu wa jangwani wamewahi kupata kizunguzungu na maumivu ya misuli. Hata hivyo, hiyo si sumu ya kulinganishwa na ya swila, ingawa jeraha la meno hayo makali linahitaji kusafishwa na kutazamwa na mganga.

Tena, watu hudhani kwamba aliyezaliwa jangwani hachoshwi na jua. Asubuhi huota jua mpaka mwili upate moto ndipo aanze kuwinda, lakini mchana wa kiangazi, mchanga unapochoma, hukimbilia shimoni asije akafa kwa joto. Majira ya baridi nayo humlaza humo humo kwa miezi mingi, akiishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini, na kwa sababu hiyo mchungaji anayepita hapo Januari anaweza kuapa kwamba nchi ile haina kenge hata mmoja.