Mfumo endeshi huria kwa ruta ya taasisi: tuanze na kifaa na mtunzaji wake

Shule, zahanati, vyama vya akiba na mikopo na kampuni za utalii za Arusha na Moshi huuliza mara kwa mara kama inafaa kuondoa programu iliyokuja na ruta na kuweka mahali pake mfumo endeshi huria, yaani ule ambao msimbo wake chanzo (maandishi ya programu yenyewe) uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha. Kwa maoni yetu mara nyingi inafaa, kwa sababu watengenezaji wengi huacha kutoa masasisho ya usalama wakati kifaa chenyewe bado ni kizima, na ruta ndiyo inayosimama kati ya kompyuta zote za taasisi na intaneti. Hata hivyo, kabla ya kuuliza ni mfumo upi ulio bora, kuna maswali mawili yanayopaswa kujibiwa: ni kifaa gani kilichopo mezani, na ni nani atakayekitunza miaka mitatu kuanzia leo.

Kwa ruta ndogo za waifai, mfumo wa kutazamwa kwanza ni OpenWrt. Chimbuko lake ni ruta ya Linksys WRT54G, ambayo msimbo wake chanzo ulitolewa mwaka 2003 kwa sababu ndani yake mlikuwa na Linux, mfumo endeshi huria, na leseni yake iitwayo GPL humtaka anayesambaza programu ya aina hiyo atoe na msimbo wake. Mradi wa OpenWrt ulianza mwaka uliofuata na leo unaendesha mamia ya aina za vifaa. Wanaoutengeneza wanashauri kununua kifaa chenye hifadhi ya ndani ya angalau megabaiti 16 na kumbukumbu ya megabaiti 128. Vifaa vyenye hifadhi ya megabaiti 4 na kumbukumbu ya megabaiti 32 havipati tena matoleo mapya. Hapa ndipo wanunuzi wengi hupoteza fedha. TP-Link TL-WR841N, ruta inayojulikana sana, ina matoleo mengi yanayofanana kwa sura na kwa jina: toleo la 13 lina hifadhi ya megabaiti 8, lakini toleo la 14 lililokuja baada yake likarudi kwenye 4. Geuza kifaa dukani, usome lebo iliyo chini yake mahali palipoandikwa «Ver», kisha ulinganishe namba hiyo na orodha ya vifaa kwenye tovuti ya mradi kabla ya kulipa.

OpenWrt ina sifa nyingine ambayo kwa mazingira yetu ya umeme kukatika ghafla tunaithamini kuliko wingi wa vipengele. Mfumo wenyewe huhifadhiwa katika sehemu isiyoandikika, na mabadiliko ya mtumiaji huwekwa juu yake katika sehemu ya pekee, kwa hiyo mipangilio ikiharibika, kubonyeza kitufe cha kurudisha hali ya awali kwa sekunde kadhaa kwa kawaida hutosha kukifufua kifaa bila kumwita fundi.

Taasisi yenye watumiaji wengi, inayohitaji kutenganisha mtandao wa wahasibu na wa wageni na kuweka kumbukumbu za matukio ya usalama, itafaidika zaidi na OPNsense au pfSense, mifumo huria ya ruta na ya kinga ya mtandao. Yote miwili imejengwa juu ya FreeBSD, mfumo endeshi huria wa kompyuta, na huendeshwa kwa kurasa za kivinjari. OPNsense ilichipuka kutoka pfSense mwaka 2015. Sisi tunaelekea kwenye OPNsense kwa sababu matoleo yake makubwa hutoka mara mbili kwa mwaka kwa ratiba inayojulikana, ilhali kampuni inayosimamia pfSense ina toleo jingine, pfSense Plus, ambalo si huria. Mifumo hii huwekwa kwenye kompyuta ya kawaida, hata ile ya mtumba, ila kadi za mtandao za Intel huwa na matatizo machache zaidi kwenye FreeBSD kuliko za Realtek. Wakati wa kusimika, chagua ZFS badala ya UFS (hizi ni njia mbili za kupanga faili kwenye diski), kwa kuwa ZFS inastahimili zaidi umeme kukatika. Gharama ya LUKU nayo ihesabiwe: kompyuta inayotumia wati 40 usiku na mchana hula karibu uniti moja kwa siku, wakati ruta ndogo ya wati 8 huchukua takribani siku tano kuimaliza uniti hiyo.

VyOS, mfumo mwingine wa ruta, iliyotokana na mradi wa awali ulioitwa Vyatta mwaka 2013, ni ya fundi aliyezoea kuandika amri. Matoleo yake ya kudumu yaliyokwisha kufungashwa hutolewa kwa wanaolipia, na ya bure ni yale yanayobadilika haraka zaidi. Tunaitaja kwa sababu ya jambo moja: fundi aliyeko Arusha anapobadilisha mipangilio ya ruta iliyoko kambini huko Karatu, anaweza kuiamuru irudie mipangilio ya awali yenyewe asipothibitisha ndani ya dakika alizoweka. Akijifungia nje kwa bahati mbaya, haimlazimu kupanda gari. Kurasa za mipangilio za OpenWrt nazo zina kinga inayofanana na hiyo.

SONiC, mfumo ulioanzishwa na Microsoft kwa ajili ya swichi (vifaa vya kuunganisha kompyuta nyingi) za vituo vikubwa vya data, haina kazi katika ofisi ya watu hamsini.

Mfumo ukishachaguliwa, pakua faili lake kutoka tovuti ya mradi pekee na ulinganishe alama yake ya uhakiki ya SHA256 (mfuatano wa herufi na namba unaobadilika faili likibadilishwa) na ile iliyochapishwa hapo. Weka akiba ya programu ya awali ya mtengenezaji na ya mipangilio iliyopo. Fanya kazi kwa waya, si kwa waifai, kifaa kikiwa kimeunganishwa na betri ya akiba, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya kuandika mfumo mpya kwenye kifaa, ruta inaweza isiwake tena. Ikishawaka, badilisha nywila kwanza, kisha chagua Tanzania katika mipangilio ya waifai ili masafa na nguvu ya mawimbi vilingane na yanayoruhusiwa nchini, na umkabidhi mtunzaji aliyetajwa kwa jina tarehe ya sasisho linalofuata.