Unaishiwa Pumzi kwa Ngazi, Mbona Upimwe Ukiwa Umekaa?

Hapa kliniki yetu Nairobi hatukosi mtu mwenye bahasha imejaa majibu, eksirei ya kifua sawa, damu sawa, ECG ya moyo sawa, kile kipimo cha kupuliza cha mapafu sawa, lakini akipanda daraja la kuvuka Thika Road anafika juu ameshika chuma anahema kama amekimbizwa na askari wa kanjo. Ashaambiwa ni stresi, ashaambiwa ni baridi ya Julai, wengine hadi wamepewa inhela na pumu hawana.

Shida ni moja. Alipimwa akiwa amekaa ama amelala, na akikaa yeye huwa sawa.

Ndio maana tuna kipimo cha mazoezi, unapimwa mwili ukiwa kazini. Unapanda baiskeli isiyoenda mahali, ama tredimili, unavalishwa maski ya pua na mdomo, waya za moyo zinabandikwa kifuani, presha inapimwa, kidole kinabanwa kaklipu ka oksijeni. Unaanza na pedali nyepesi halafu mashine inakaza pole pole mpaka miguu ama pumzi ikatae, kawaida dakika 8 hadi 12. Maski inasoma kila pumzi, oksijeni umechukua ngapi na kaboni dayoksaidi umetoa ngapi.

Hapo ndio mimi hupenda. Mtu mzima wa afya akifika mwisho mapafu bado yana akiba, kinachomsimamisha ni moyo na misuli, so ukimaliza akiba yote ya pumzi tunashuku mapafu. Oksijeni ya damu ikishuka vile unakaza, tunaangalia mapafu na mishipa yake. Lakini oksijeni inayobebwa kwa kila pigo la moyo ikigoma kuongezeka mapema na mapigo yanapaa, tunageukia moyo. Kuna wenye hupumua mbio mbio bila mpangilio na hakuna kimeharibika, na kuna wenye, poleni, mwili umezoea kiti cha ofisi. Hilo jibu hukasirisha watu, mimi naona ni habari njema.

Pumu ya mazoezi nayo ni mjanja, mara nyingi hujitokeza dakika 5 hadi 10 baada ya kushuka kwa baiskeli ama tredimili, ndio maana ukimaliza tunakurudishia kile kipimo cha kupuliza tena na tena.

Kama ulipata shambulio la moyo juzi tu, ama kifua kinakuuma hata ukipumzika, hatukupandishi.

Kuja na raba na nguo nyepesi, usishibe sana kabla, na dawa usiache bila kutuuliza. Na maski hutaweza kuongea, tutakushikia karatasi ya 0 hadi 10 uonyeshe kwa kidole umehema kiasi gani, na ukitaka kusimama inua mkono tu.