Moto kutoa barafu? Dhana za biogesi zinazozunguka Lamu

"Moto hautoi baridi." Hii ndiyo inayoongoza barazani, na inashangaza, maana friji za mafuta ya taa zilijulikana zamani: utambi unawaka chini, maji yanapoa juu. Kanuni ni ileile kwa mtambo wa biogesi, yaani gesi ya mavi yaliyooza. Tabini ndogo, mashine yenye mapanga yanayosukumwa na gesi moto, huchoma biogesi na kuzungusha jenereta, kisha moshi wake, wenye joto la nyuzi 270 hivi, huelekezwa kwenye mtambo wa kupoza. Humo joto huifukuza amonia, gesi kali iliyoyeyushwa, kutoka kwenye maji. Amonia ikipoa hugeuka kimiminika, na inapovukiza tena hunyonya joto la chumba, halafu maji huimeza na mzunguko huanza upya. Hakuna kompresa ya kula umeme.

Ila wavuvi wawe macho. Si kila mtambo wa namna hii hutoa barafu. Ule wa lithiamu bromidi, aina ya chumvi, hupoza kwa kuvukiza maji yenyewe, na maji huganda kwenye nyuzi 0, kwa hiyo unafaa kiyoyozi cha hoteli tu. Mwenye nguru na changu wa kuhifadhi aulizie wa amonia.

"Punda wamejaa mjini, gesi ni ya bure." Tupige hesabu. Tabini ya kilowati 30 inayogeuza asilimia 26 ya nishati kuwa umeme hula karibu mita za ujazo 19 za biogesi kwa saa, methani, sehemu yake inayowaka, ikiwa asilimia 60. Mchana na usiku ni zaidi ya 450. Ng'ombe mmoja wa zizini hutoa takriban nusu mita kwa siku, basi unahitaji kama 900. Sasa punda anayeangusha mavi kila kichochoro, nani atazoa?

"Gesi iingie tu kwenye tabini." Isiingie. Ina haidrojeni salfaidi, ile harufu ya yai viza, ambayo ikikutana na unyevu hutafuna chuma. Hupitishwa kwanza kwenye kichujio chenye kutu ya chuma, ikaushwe, ishindiliwe.

"Tabini ni bora kuliko injini ya pistoni." Kwa umeme peke yake, hapana: pistoni nzuri hupita asilimia 30, tena joto la pwani huipunguzia tabini nguvu. Faida yake ni pale moshi unapotumika, jumla ikifika asilimia 70 au 80. Asiye na samaki wa kupoza wala maji ya kuchemsha anunue pistoni.