Je, wajua kwa nini vitabu viwili vya jiografia hutaja idadi tofauti ya watu wa nchi moja?

Umoja wa Mataifa uliitaja tarehe 15 Novemba 2022 kuwa siku ambayo dunia ilitimiza watu bilioni 8. Idara ya sensa ya Marekani, kwa hesabu zake yenyewe, iliiweka siku hiyo kwenye tarehe 26 Septemba 2023. Kati ya tarehe hizo mbili ipo zaidi ya miezi kumi, na kwa kuwa dunia huongezeka kwa watu milioni 70 hivi kila mwaka, tofauti hiyo ni kama watu milioni 60. Taasisi zote mbili zina wataalamu waliobobea, na hakuna iliyodanganya.

Mwanafunzi wa jiografia hukutana na jambo hilohilo darasani. Kitabu cha kiada kinampa idadi moja ya watu wa nchi fulani, atlasi ya maktaba inampa nyingine, na akitafuta kwenye intaneti anapata ya tatu. Haraka haraka huamua kwamba kuna aliyekosea. Mara nyingi hakuna. Namba inayoandikwa mbele ya jina la nchi ni nadra kuwa matokeo ya kuhesabu watu mmoja mmoja mwaka uleule. Ni makisio, na kila anayekisia ana mahali alipoanzia.

Mahali pa kuanzia kwa kawaida ni sensa. Nchi nzima hugawanywa katika maeneo madogo ya kuhesabia, kila eneo likawa na ramani yake na karani wake. Karani hupita kaya kwa kaya akiwa na dodoso, siku hizi mara nyingi kwenye kishikwambi, na kumuuliza mkuu wa kaya: nani walilala hapa usiku wa kuamkia siku ya sensa? Usiku huo huwa mmoja kwa nchi nzima, ili aliyehama Jumatano asihesabiwe alikotoka na alikofikia. Kenya ilitumia usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019 ikapata watu 47,564,296. Tanzania ilitumia usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 ikapata 61,741,120. Wagonjwa waliolazwa, wasafiri walio njiani, wafungwa, wanafunzi wa bweni na wasio na makazi hufuatwa walipo.

Si nchi zote zinazouliza hivyo. Nyingine humhesabu mtu pale anapoishi siku zote, hata kama usiku huo alilala kwingine. Zipo pia nchi ambazo tofauti kati ya mkazi na raia ni kubwa mno: Qatar na Falme za Kiarabu zina wakazi ambao wengi wao ni wafanyakazi kutoka nje, kwa hiyo ukihesabu raia peke yao unapata nchi ndogo sana. Mipaka nayo ina neno lake. Sensa ya China ya mwaka 2020 ilitoa watu 1,411,778,724, lakini ndani ya namba hiyo hawamo wakazi wa Hong Kong wala Macau. Mwandishi mmoja akiwajumlisha na mwingine asipowajumlisha, tayari vitabu viwili vimeshatofautiana kwa mamilioni bila mtu yeyote kukosea.

Sensa ni kazi ghali, na nchi nyingi huifanya mara moja kila miaka kumi. Miaka inayofuata hujazwa kwa hesabu ambayo mwanafunzi yeyote anaiweza: chukua watu wa sensa, ongeza waliozaliwa, toa waliokufa, ongeza waliohamia, toa waliohama. Ugumu haupo kwenye kujumlisha. Upo kwenye kuzipata hizo namba nne. Nchi ambazo kila kizazi na kila kifo huandikishwa hupata jibu zuri sana. Denmark ilifanya sensa yake ya mwaka 1981 kwa kutumia rejesta za serikali tu, bila karani kubisha hodi popote. Pale ambapo watoto wengi huzaliwa na wazee wengi huzikwa bila cheti, wanatakwimu hulazimika kutumia tafiti za sampuli, na kadiri miaka inavyosogea mbali na sensa ndivyo kosa dogo la mwanzo linavyozidi kukua.

Sasa tazama miaka yenyewe. Sensa ya mwisho ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilifanyika mwaka 1984, ikakuta watu takriban milioni 30. Leo nchi hiyo inakisiwa kuwa na zaidi ya milioni 100, na hakuna aliyewahesabu wote hao. Lebanoni haijafanya sensa rasmi tangu mwaka 1932, kwa sababu madaraka ya nchi hugawanywa kwa kufuata madhehebu ya dini, na kuhesabu upya ni kufungua upya mgao huo. Hata India, iliyotangazwa mwaka 2023 kuipita China na kuwa nchi yenye watu wengi kuliko zote, ilipewa nafasi hiyo kutokana na makisio: sensa yake ya mwisho ilikuwa ya mwaka 2011, na ile ya 2021 iliahirishwa wakati wa janga la korona. Makisio hayo hayakuokotwa hewani, maana India ina mfumo wa siku nyingi wa kufuatilia uzazi na vifo katika maeneo ya sampuli. Lakini mwanafunzi anayeandika kwenye mtihani kwamba India ni ya kwanza anastahili kuambiwa kwamba jambo hilo lilijulikana kwa kukokotoa.

Sensa yenyewe nayo haitoki safi kama jedwali linavyoionyesha. Ukipata jedwali la umri la nchi ambayo watu wazima wengi hawana cheti cha kuzaliwa, angalia mistari ya miaka 39, 40 na 41. Utakuta wenye miaka 40 wamewazidi majirani zao mbali kabisa. Nenda 50, nenda 60: hali ni ileile. Hakuna nchi inayozaa kwa wingi kila baada ya miaka mitano halafu ikapumzika. Kinachotokea ni kwamba karani anauliza umri, mama anafikiri kidogo, anakumbuka kwamba alikuwa msichana mdogo mwaka fulani wa mafuriko, kisha anasema, “Andika arobaini.” Wanatakwimu wana kipimo cha tabia hii, kinaitwa faharisi ya Whipple. Huwachukua wote wenye miaka 23 hadi 62 na kuangalia wangapi wametaja umri unaoishia na 0 au 5. Umri ukitajwa sawasawa, hao huwa sehemu moja ya tano, na kipimo husoma 100. Kama kila mtu angetaja umri unaoishia na 0 au 5, kingesoma 500. Baada ya kupima, umri husawazishwa. Piramidi ya umri yenye kingo laini uliyoichora daftarini huenda ilipitia mikono hiyo kwanza.

Kosa lingine ni la waliorukwa. Karibu kila mahali, wanaosahaulika zaidi ni watoto wachanga, kwa sababu mkuu wa kaya huwataja watu wazima na wanafunzi kisha anamsahau aliyelala chumbani. Kujua wangapi wamerukwa, nchi nyingi hufanya uchunguzi baada ya sensa: huchagua maeneo machache na kuyahesabu upya, bila kutazama majibu ya kwanza. Tuseme sensa iliandika watu 900 katika eneo moja. Timu ya pili inaandika 800, na majina yakilinganishwa, 720 yamo kwenye orodha zote mbili. Maana yake, sensa iliwanasa 720 kati ya wale 800 wa timu ya pili, yaani asilimia 90. Kama 900 ni asilimia 90, eneo lina watu 1,000, na mia moja walirukwa. Kwa maoni yangu hili ndilo zoezi zuri kuliko yote la kufundishia takwimu za watu, kwa sababu linaonyesha namna ya kuwahesabu watu ambao hujawaona.

Wazo la kufika kwa wasioonekana kupitia wanaoonekana si geni. Mwaka 1802, Mfaransa Pierre-Simon Laplace alitaka kujua idadi ya watu wa Ufaransa bila kumhesabu kila mtu. Vizazi vilikuwa vikiandikishwa, watu hawakuwa. Basi zikachaguliwa wilaya ndogo kutoka pande mbalimbali za nchi, watu wake wakahesabiwa kwa uangalifu wakawa 2,037,615, na wastani wa vizazi vyake kwa mwaka ukawa 71,866. Kila kizazi kimoja, basi, kilisimama kwa watu 28 na kitu. Akichukulia kwamba nchi nzima ilikuwa na vizazi milioni moja kwa mwaka, alipata watu milioni 28 na kidogo. Alikwenda mbele zaidi akakokotoa ukubwa wa kosa linaloweza kuwamo, na hapo ndipo alipowatangulia wengi wa wakati wake.

Kuna makosa yasiyotokana na kusahau. Idadi ya watu hugawa viti vya bunge na fedha za umma, kwa hiyo kila upande una sababu ya kutaka kuonekana mkubwa. Nigeria iliifuta sensa yake ya mwaka 1962, ikarudia 1963 na kupata watu milioni 55.7, matokeo yaliyobishaniwa vikali. Sensa ya 1973 nayo ikafutwa. Kwa karibu miaka thelathini, makisio ya nchi hiyo yaliendelea kujengwa juu ya msingi wa 1963, yakipandishwa kila mwaka kwa asilimia kadhaa, hadi wengi wakaamini kwamba Nigeria imeshavuka milioni 100. Sensa ya mwaka 1991 ilipokuja na watu milioni 88.9, mamilioni ya watu walitoweka kwenye majedwali ya dunia, ingawa hakuna aliyekuwa amekufa wala kuhama. Vitabu vya jiografia vilivyochapishwa kabla na baada ya mwaka huo vinapingana, na ukijua kisa hiki unaelewa kwa nini.

Siku hizi pengo hujazwa pia kutoka angani. Picha za setilaiti huonyesha mapaa ya nyumba. Watu huhesabiwa kikamilifu katika maeneo machache yanayofikika, kisha mfumo wa kompyuta hukadiria wakazi wa makazi mengine kwa kufuata wingi wa majengo na barabara. Burkina Faso ilitumia njia ya namna hii kwa sehemu ambazo makarani walishindwa kufika kwenye sensa ya mwaka 2019 kwa sababu ya usalama. Udhaifu wake ni kwamba paa halisemi kama chini yake wamo watu wawili au kumi na wawili.

Msongamano unahitaji jicho hilohilo. Misri ina ukubwa wa kilomita za mraba milioni moja hivi na zaidi ya watu milioni 100, kwa hiyo wastani ni watu mia moja na zaidi kwa kilomita moja ya mraba. Hesabu ni sahihi, ila karibu hakuna anayeishi kwenye wastani huo. Takriban watu wote wamebanana kwenye asilimia 5 hivi ya ardhi, kando ya mto Nile na kwenye delta yake, ambako kila kilomita ya mraba ina watu 2,000 au zaidi. Kwingine kote ni jangwa.

Yamebaki makisio ya mbele, na hapa tofauti kati ya vitabu ni kubwa zaidi. Mwaka 2019 Umoja wa Mataifa ulitarajia dunia kuwa na watu bilioni 10.9 mwaka 2100. Mwaka 2022 ukasema kilele kitakuwa bilioni 10.4 katika miaka ya 2080. Mwaka 2024 ukashuka tena: kilele cha bilioni 10.3 katikati ya miaka hiyo ya 2080, kisha kupungua taratibu. Kilichobadilika ni uzazi. Ili kizazi kijirudishie idadi yake, kila mwanamke anahitaji kuzaa wastani wa watoto 2.1. Katika miaka ya 1960 wastani wa dunia ulikuwa karibu 5, sasa ni kama 2.25, na Korea Kusini ilifika 0.72 mwaka 2023. Katika nchi kadhaa kubwa, China ikiwemo, uzazi ulianguka kuliko wataalamu walivyotarajia, na namba ya mwisho wa karne ikaanguka nao.

Ndiyo maana makisio ya miaka ishirini ijayo hayatofautiani sana kutoka kitabu hadi kitabu. Wengi wa watakaokuwa mama katika miaka hiyo wameshazaliwa na wamo ndani ya sensa zilizopo. Namba za mwaka 2100 zinawategemea watoto wa wanawake ambao wenyewe bado hawajazaliwa, na kila kitabu kimelazimika kuamua kwa niaba yao watazaa wangapi.